Kazi ya Ubunifu, Bei na Malipo: Mwongozo Kamili kwa Anayejitegemea

Wasanifu wa michoro, wapiga picha, waandishi na wahariri wa video wanaojitegemea hulalamikia mambo yale yale. Mteja anataka marekebisho yasiyokwisha. Bei iliyotajwa kwa haraka imeliwa yote kabla kazi haijafika nusu. Kazi imekabidhiwa, lakini salio halionekani. Wengi hutafuta dawa ugomvi ukishaanza, na hapo wamechelewa. Karibu kila pesa inayopotea mwishoni mwa kazi ilishapotea kabla ya kazi kuanza, kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

Mwongozo huu unafuata kazi moja, tangu mteja anapouliza "utanifanyia bei gani?" hadi malipo ya mwisho yanapoingia. Hatua ya 1 hadi ya 4 ndizo watu huziruka mteja anapokuwa na haraka. Usiziruke.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Andaa hivi mara moja, kisha uvitumie kwa kila mteja:

- Daftari au jedwali la kuandikia saa unazofanya kazi, kila siku, kila mradi. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakukosea.
- Orodha ya matumizi yako ya mwaka mzima: ya nyumbani na ya kazi, kila moja peke yake.
- Ukurasa mmoja wa maswali ya kumuuliza mteja.
- Violezo vitatu: nukuu ya bei (maandishi ya bei unayompa mteja kabla ya kazi), mkataba, na ankara.
- Anwani ya baruapepe ya kazi. Makubaliano ya simu na ya ujumbe mfupi yote yahamishiwe huko.
- Mahali pawili tofauti pa kuhifadhi mafaili, kimoja kikiwa nje ya kompyuta unayofanyia kazi.

Mwanasheria si lazima kwa kazi ndogo. Kwa mkataba wa kwanza mkubwa, mlipe mmoja apitie kiolezo chako. Gharama hiyo utailipa mara moja tu, nawe utakitumia kiolezo kwa miaka.

## Hatua ya 1: Jua saa yako moja inagharimu kiasi gani

Hesabu ambayo wengi hufanya ni hii: nahitaji kiasi fulani kwa mwaka, mwaka una wiki 52, wiki ina saa 40, basi nagawanya kwa saa 2,080. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyeajiriwa, anayelipwa hata akiwa likizo au mgonjwa. Wewe hulipwi siku hizo.

Anza na wiki 52. Toa wiki 3 za mapumziko, wiki 2 za ugonjwa na dharura, na wiki 3 za sikukuu na vipindi ambavyo kazi hukauka. Zinabaki 44. Zidisha kwa saa 40, unapata 1,760. Lakini katika saa hizo utatafuta wateja, utaandika nukuu ambazo baadhi zitakataliwa, utajibu baruapepe, utajifunza programu mpya na kufanya hesabu. Hakuna mteja anayelipia hayo moja kwa moja. Kwa anayefanya kila kitu peke yake, kukadiria kwamba saa zinazolipiwa ni asilimia 55 ni busara. Hapo unabaki na saa 968.

Sasa weka matumizi. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka za sarafu yako:

- Mahitaji ya nyumbani kwa mwaka: 12,000
- Gharama za kazi, yaani programu, vifaa, intaneti, umeme, usafiri: 3,000
- Akiba: 1,500
- Kodi: 2,500

Jumla ni 19,000. Gawanya kwa 968, unapata karibu 20 kwa saa. Yule aliyegawanya 12,000 kwa 2,080 alipata 5.8, na akatoza hivyo. Haifiki hata theluthi ya anachohitaji, halafu anashangaa mbona anafanya kazi usiku kucha na hana kitu.

Vifaa vina mtego wake. Kamera au kompyuta itakayodumu miaka minne igawe kwa minne, na robo hiyo iingie katika gharama za kila mwaka. Usipofanya hivyo, siku itakapoharibika utainunua nyingine kwa pesa ya chakula.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarakimu moja iliyoandikwa, unayoweza kuieleza ilikotoka. Hiyo ni bei yako ya chini kabisa. Mteja haimhusu, hutamwonyesha kamwe.

## Hatua ya 2: Mhoji mteja kabla ya kutaja bei

Mteja akiuliza bei kwenye ujumbe wa kwanza, jibu kwa upole kwamba bei inategemea kazi yenyewe, na kwamba utahitaji dakika 20 za mazungumzo. Bei iliyotajwa kabla ya maswali humkaa mteja kichwani, na kuipandisha baadaye huonekana ulafi hata ukiwa na haki.

Uliza haya:

1. Kazi hii itatumika wapi, na kwa muda gani?
2. Nani ataiona, na akishaiona unataka afanye nini?
3. Kuna kitu kilichopo tayari, kama nembo, maandishi, picha? Kiko katika hali gani?
4. Nani mwenye kauli ya mwisho?
5. Inahitajika lini, na kwa nini tarehe hiyo?
6. Mmetenga bajeti ya kiasi gani?
7. Mliwahi kufanya kazi kama hii na mtu mwingine? Iliishaje?

Swali la 4 ndilo linalookoa watu wengi zaidi. Anayezungumza nawe mara nyingi ni ofisa aliyetumwa tu. Utafanya kazi naye wiki tatu, mtaelewana vizuri, kisha siku ya kukabidhi kazi inapelekwa kwa mkurugenzi ambaye hajawahi kuiona, naye anataka kitu kingine kabisa. Kama mwenye kauli hawezi kuwepo kwenye mazungumzo ya kwanza, omba angalau aidhinishe maelezo ya kazi kwa maandishi kabla hujaanza.

Swali la 5 lina sehemu mbili kwa makusudi. "Ijumaa" iliyotokana na mkutano wa wafadhili haisogezwi. "Ijumaa" iliyotokana na mteja kupenda siku ya Ijumaa husogezwa bila shida.

Kuhusu bajeti, wengi watakuambia hawajapanga. Toa viwango viwili au vitatu vya kazi zako za aina hiyo, kisha uliza wao wako karibu na kipi. Akicheka au akanyamaza, umeshajua mengi.

Onyo: sikiliza kwa makini jibu la swali la 7. Mteja aliyefukuza wasanifu watatu mfululizo, wote kwa kosa lao, atakufukuza na wewe. Anayetaka "sampuli ya bure kwanza, tuone" naye ni wa kumwangalia kwa jicho la pili. Mwonyeshe kazi zako zilizopita, zinatosha.

## Hatua ya 3: Andika mawanda ya kazi

Mawanda ni orodha ya kile utakachofanya, kwa hesabu. "Nitatengeneza nembo" ni maneno matupu. Linganisha na hii:

> Mapendekezo 2 ya nembo, kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe. Mteja atachagua 1. Duru 2 za marekebisho kwenye lililochaguliwa. Mafaili ya mwisho: SVG, PDF na PNG yenye usuli wazi. Ukurasa 1 wa maelekezo ya rangi na maandishi.

SVG, PDF na PNG ni aina za mafaili; usuli wazi ni picha isiyo na rangi nyuma yake. Chini yake andika sehemu ya pili, ambayo wengi huona haya kuiandika: mambo yasiyohusika. Kwa nembo hiyo, mfano ni kadi za biashara, mabango, gharama za uchapaji, leseni ya fonti (aina ya herufi), na tafsiri ya maandishi. Kwa video, ni muziki wa kulipia, manukuu ya chini ya skrini, na matoleo ya wima kwa ajili ya simu. Haya ndiyo yatakayoombwa baadaye kwa sauti ya "kitu kidogo tu". Yakiwa yameandikwa tangu mwanzo, utayajibu kwa bei bila mtu kununa.

Fafanua neno "duru" pia. Duru moja ya marekebisho ni orodha moja ya maoni, iliyokusanywa kutoka kwa wahusika wote, ikatumwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Bila ufafanuzi huo, mteja atatuma ujumbe kumi na mmoja ndani ya siku tatu na kuuhesabu wote kuwa duru moja.

## Hatua ya 4: Kadiria saa, toa bei

Vunja kazi vipande vipande na ukadirie kila kipande. Nembo ya mfano wetu:

- Mahojiano na utafiti: saa 4
- Michoro ya awali: saa 8
- Kuendeleza mapendekezo mawili: saa 10
- Duru mbili za marekebisho: saa 6
- Kuandaa mafaili: saa 3
- Mawasiliano na usimamizi: saa 4

Jumla ni saa 35. Ongeza asilimia 20 ya yasiyotarajiwa, yaani saa 7. Saa 42 mara 20 ni 840.

Kipande cha mawasiliano ndicho husahaulika. Mteja anayependa kupiga simu anaweza kula saa 10 bila wewe kushika kalamu.

Kisha jiulize: kazi hii itamletea mteja nini? Picha itakayokaa kwenye tovuti ndogo mwaka mmoja na picha itakayobandikwa kwenye mabango nchi nzima miaka mitano zinaweza kuchukua saa zile zile kupiga, lakini haziwezi kuwa bei moja. Ile 840 ni kiwango cha chini. Kuongeza kunategemea ukubwa wa matumizi, haraka ya kazi, na uzoefu wako. Kwa kazi ya haraka inayokulazimisha kusukuma wateja wengine nyuma au kufanya kazi mwisho wa wiki, nyongeza ya asilimia 25 hadi 50 ni ya kawaida.

Mpe mteja bei ya kazi nzima. Mchanganuo wa saa ubaki kwako. Ukimpa saa, mtaanza kubishana kwa nini michoro ichukue saa 8. Na kadiri unavyozidi kuwa hodari na mwepesi, ndivyo utakavyolipwa kidogo, jambo ambalo ni la ajabu ukilifikiria.

Nukuu iwe na tarehe ya mwisho wa kutumika, kwa mfano siku 14. Mteja atakayerudi baada ya miezi minane akute bei mpya.

## Hatua ya 5: Anapotaka kupunguziwa, punguza kazi

Mteja akisema bei ni kubwa, usiipunguze papo hapo. Ukishuka kutoka 840 hadi 600 bila kubadilisha kitu, umemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na mara nyingine ataanza na 400.

Jibu linalofanya kazi ni la aina hii:

> Nimeelewa. Kwa 600 naweza kukupa pendekezo 1 badala ya 2, duru 1 ya marekebisho, na bila ukurasa wa maelekezo ya rangi. Ukihitaji hivyo vilivyoondolewa baadaye, tutaviongeza. Unaonaje?

Mteja ana uhuru wa kuchagua, na saa zako zinashuka pamoja na bei. Hakikisha tu kwamba kilichobaki bado kinalipa kiwango chako cha chini. Ahadi za "fanya hii kwa bei ndogo, kuna kazi nyingi zinakuja" zikubali kwa njia moja tu: punguzo linaanza kazi ya tatu, kwa maandishi.

## Hatua ya 6: Mkataba

Kurasa mbili zinatosha kwa kazi nyingi. Vifungu vya lazima ni wahusika, mawanda (bandika yale ya hatua ya 3), bei na awamu za malipo, ratiba, wajibu wa mteja, haki miliki, kusitisha kazi, na sahihi. Viwili kati ya hivi vinahitaji maelezo.

Haki miliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapoundwa, bila kusajiliwa. Kwa kazi nyingi ulinzi huo hudumu si chini ya uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Ndani yake kuna haki za kiuchumi, ambazo huuzwa au kukodishwa, na haki za kimaadili, kama ile ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeifanya. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa, na ile iliyoagizwa kwa mtu anayejitegemea, hutendewa tofauti kutoka nchi hadi nchi. Kwa hiyo usiiachie sheria ikujazie pengo, andika.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha haki zote za kiuchumi kwa mteja, jambo linalofaa kwa nembo kwa sababu ataihitaji maisha yote. Ya pili ni kumpa leseni: atumie wapi, kwa muda gani, katika nchi zipi, peke yake au pamoja na wengine. Hii inafaa zaidi kwa picha, michoro ya vitabu na muziki. Kwa njia yoyote, weka sentensi hii: *haki zinahamia kwa mteja baada ya malipo yote kukamilika*. Ndiyo silaha yako kubwa kuliko zote. Asiyelipa na akatumia kazi anakuwa amevunja haki miliki, juu ya kuwa na deni.

Taja pia mafaili ya kazi, yaani yale yenye tabaka zote ambayo mtu anaweza kuyafungua na kuyabadilisha, pamoja na picha ghafi. Mteja huyachukulia kuwa yake moja kwa moja. Kama hayamo kwenye bei, sema. Fonti na picha ulizokodi kwa watu wengine huna uwezo wa kumhamishia. Mwelekeze anunue leseni yake mwenyewe. Na dai haki ya kuonyesha kazi hiyo katika mkusanyo wa kazi zako, isipokuwa mteja aombe usiri.

Kusitisha kazi. Andika kwamba mteja akiacha katikati, kianzio (malipo ya awali) hakirudishwi na analipia kazi iliyokwisha kufanyika. Andika pia kwamba akikaa siku 30 bila kujibu, mradi unahesabiwa umesimama, na kuufufua kutahitaji ratiba mpya. Kifungu hiki cha ukimya hukosekana kwenye violezo vingi vinavyosambaa, na wateja wanaopotea ni wengi kuliko wanaokataa kulipa waziwazi.

Kama mteja anakimbia neno "mkataba", mtumie nukuu yenye vifungu hivyo hivyo na umwombe ajibu kwa baruapepe: "Nimekubali." Sehemu nyingi jibu hilo ni ushahidi unaokubalika, na ni bora mara mia kuliko kupeana mkono.

## Hatua ya 7: Kianzio kwanza, faili baadaye

Kwa kazi isiyozidi mwezi, chukua asilimia 50 mwanzoni na 50 kabla ya kukabidhi. Kwa kazi ndefu, 40 mwanzoni, 30 katikati na 30 mwishoni. Awamu ya katikati ifunge kwenye kitu unachokidhibiti wewe, kama "siku ya kuwasilisha rasimu ya kwanza". Ukiifunga kwenye "mteja akiridhika", umempa mteja funguo za pesa yako.

Usianze hadi pesa ionekane kwenye akaunti. Picha ya skrini inayoonyesha muamala si malipo, na ratiba ihesabiwe kuanzia siku kianzio kinapoingia: "wiki 3 baada ya kianzio na maandishi yote kupokelewa." Hapo mteja anayechelewa kulipa anachelewesha kazi yake mwenyewe.

## Hatua ya 8: Wasilisha, kisha ongoza maoni

Kutuma faili na kuuliza "unaionaje?" ni kuomba balaa. Anza kwa kukumbusha lengo mliloandika, onyesha mapendekezo, eleza kila moja linatimizaje lengo hilo, halafu uliza maswali mahususi. Mapendekezo mawili yanatosha. Yakizidi matatu, mteja huanza kuchomoa kichwa cha hili na miguu ya lile.

Kabla ya malipo ya mwisho, tuma nakala za kutazama tu: picha ndogo zenye upana wa pikseli 1,200 hivi, zenye alama ya maji (jina lako lililofifia juu ya picha), au video yenye ubora wa chini.

Kisha unapokea ujumbe ule maarufu: "Sijui, haijakaa vizuri. Ipe uhai kidogo." Usifungue programu. "Uhai" inaweza kuwa rangi, mwendo, ukubwa wa maandishi, au mkubwa wake hakuipenda. Jibu hivi:

> Asante kwa maoni. Ili nisibahatishe, naomba unisaidie kwa mambo matatu. Ni sehemu gani hasa inayokusumbua: rangi, maandishi au mpangilio? Tuliandika kwamba wazazi wa watoto wadogo waione na kuiamini; unaona lengo hilo halijatimia wapi? Una mfano wa kitu chochote chenye uhai unaoufikiria?

Mara nyingi jibu hurudi kama "jina letu halionekani vizuri". Hilo linarekebishwa kwa dakika kumi, na ungeweza kupoteza siku mbili ukibadilisha rangi.

Weka tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, siku 5 za kazi kwa kawaida. Majina ya mafaili yawe na namba ya toleo na tarehe, mfano nembo_toleo03_2025-03-14. Ukifika kwenye "mwisho_kabisa_2" umeshapotea, na siku moja utapeleka toleo lisilo sahihi kiwandani.

## Hatua ya 9: Kazi ya ziada

Mteja akiomba kitu kilicho nje ya mawanda, usikatae na usikifanye kimya kimya. Jibu siku hiyo hiyo kwa mistari mitatu: kilichoombwa, bei yake, na siku ambazo kitaongeza. Anza tu akijibu amekubali.

Ukiamua kumpa kitu bure kwa sababu ni kidogo, kiweke kwenye ankara kwa bei yake kamili kikifuatiwa na punguzo la asilimia 100. Ataona umempa zawadi, na atajua kina bei.

## Hatua ya 10: Ankara, malipo, makabidhiano

Ankara nyingi hazikataliwi; hukwama mezani kwa mtu. Sababu ni ndogo ndogo: jina la kampuni si lile lililosajiliwa, namba ya agizo la ununuzi haipo, au ilitumwa kwa ofisa wa mawasiliano ambaye hana habari na uhasibu. Kwa hiyo siku ya kusaini mkataba, uliza: ankara itumwe kwa nani, iandikwe jina gani, inahitaji namba gani, na malipo hufanyika siku zipi za mwezi? Mashirika mengine hulipa mara moja tu kwa mwezi. Ankara ikichelewa siku moja, inasubiri mwezi.

Ankara yenyewe iwe na majina na anwani za pande zote mbili, namba yake ya mfululizo, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho ya kulipa (andika tarehe kamili, "siku 14" kila mtu huzihesabu kivyake), maelezo ya kazi, kiasi, kodi kama inahusika, na akaunti ya kulipia.

Fuatilia kwa ratiba, bila hasira:

- Siku 3 kabla ya tarehe ya mwisho: ujumbe mfupi wa kukumbusha, ankara ikiwa imeambatishwa tena.
- Siku 1 baada: "Ankara namba 031 ilipaswa kulipwa jana. Kuna chochote kinachohitajika kutoka kwangu ili ikamilike?"
- Siku 7: piga simu uhasibu moja kwa moja. Omba tarehe, kisha iandike kwenye baruapepe ya uthibitisho.
- Siku 14: taarifa ya maandishi kwamba kazi zote zilizobaki zimesimama hadi malipo.
- Siku 30: barua rasmi ya madai, ikitaja mkataba, kiasi, kifungu cha haki miliki, na siku 7 za mwisho. Baada ya hapo fuata utaratibu wa madai madogo unaotumika katika nchi yako.

Onyo: ukipokea ujumbe unaosema akaunti ya malipo imebadilika, uwe ni wewe unayelipa fundi au mteja anayekulipa wewe, pigeni simu kwa namba ya zamani mthibitishe. Wizi wa ankara kupitia baruapepe iliyodukuliwa hutegemea watu kutopiga simu hiyo.

Salio likiingia, kabidhi. Kwa nembo, toa faili za vekta, yaani zinazokuzwa bila kupoteza ubora (SVG na PDF), PNG yenye usuli wazi, na matoleo ya skrini kwa rangi za RGB, mfumo wa rangi wa skrini. Kazi za kuchapwa huandaliwa kwa CMYK, mfumo wa rangi za wino, na picha zake ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapia. Faili lenye RGB likipelekwa kwa mchapaji, rangi angavu hufifia kwenye karatasi na lawama inakurudia wewe. Ambatisha orodha ya kilichomo, na omba jibu la "nimepokea na kufungua".

## Hatua ya 11: Kazi ikikua na ukawaita wengine

Siku utakapompa mwenzako sehemu ya kazi, wewe ndiye mteja wake. Na wengi waliolalamika miaka yote juu ya wateja huwafanyia wenzao yale yale.

Mpe maelezo ya ukurasa mmoja: lengo, mawanda, tarehe, malipo, na mipaka ya uamuzi wake. Mipaka ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mwambie wazi: rangi amua wewe, maandishi usiyaguse, ukikwama zaidi ya saa moja nipigie. Mtu asiyejua anaruhusiwa kuamua nini ama atakuuliza kila kitu, ama hatakuuliza chochote hadi siku ya mwisho.

Kagua kazi ikiwa karibu theluthi moja. Mapema kuliko hapo hakuna cha kuona. Ukisubiri hadi mwisho, kosa la mwelekeo linamaanisha kuanza upya. Tenga asilimia 10 hadi 15 ya saa za mradi kwa ukaguzi huu na uziweke kwenye bei, kwa sababu kuongoza watu ni kazi yenye saa zake.

Kosoa kazi mkiwa wawili, na kwa kugusa kitu chenyewe: "mstari wa pili unasomeka kwa shida kwenye simu", kuliko "umelipua". Sifa itoe mbele ya wote, nayo iwe mahususi. Mteja akikasirika, anayejibu ni wewe uliyesaini. Jina la mwenzako lisitajwe kwenye lawama, lakini litajwe kwenye kazi iliyokamilika kama alivyostahili.

Malipo yake yasisubiri ya kwako, isipokuwa mlikubaliana hivyo kabla hajaanza. Kianzio ulichochukua ndicho kimlipe kianzio chake. Na mteja wako akichelewa siku 30, yule uliyemwita bado alifanya kazi yake kwa wakati. Akiba ya zile 1,500 za hatua ya 1 inahusika hapa pia.